Almasi Hainunuliwi kwa Kilo

Wasee, hizi video za pete za uchumba zimenichosha. Jamaa anapiga goti, dada analia, halafu swali la kila mtu ni moja tu: ni karati ngapi? Kwani tuko buchari?

Karati ni uzito, basi. Moja ni gramu 0.2. Hapa kwetu Buna ukinunua ngamia kwa kuangalia ukubwa pekee, wazee watakucheka mpaka Moyale wasikie. Meno ulitazama? Kiwele je? Mama yake alikuwa na maziwa? Almasi nayo ina maswali manne, na uzito ni moja tu kati ya hayo.

Kuna rangi, inayopimwa kwa herufi kuanzia D hadi Z. D haina rangi kabisa. Ukiteremka unakutana na umanjano ama ukahawia. (Hakuna A, kwa sababu maduka ya zamani yalikuwa yanajigawia hizo A zao vile yanataka.) Kuna usafi: mtaalamu anatumia lenzi ya kukuza mara 10, anatafuta nyufa na vidoa vya ndani. Vingine macho yako hayatawahi kuviona, lakini kwa bei vimo.

Halafu kuna mkato, na hapa ndipo watu wanaibiwa. Jiwe likikatwa na kina kingi sana ama kidogo sana, mwanga unavujia chini badala ya kurudi juu. Unabaki na jiwe kubwa limezubaa tu kidoleni.

Cheki Mwadui, pale Shinyanga. Mwaka wa 1947 mgodi wa John Williamson ulitoa almasi ya pinki ya karati 54.5, akampa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kama zawadi ya harusi. Ilipokatwa London ilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ilienda, na hadi leo inahesabiwa kati ya almasi bora za pinki duniani. Na kwa pinki ile hesabu ya D hadi Z haifanyi kazi. Rangi ikikolea ndiyo bei inapanda.

Sasa wewe unayetaka kukopa kwa simu ununue pete, itisha ripoti ya maabara, kisha namba yake uitafute mwenyewe kwa tovuti ya hiyo maabara. Muuzaji akianza hadithi za mapenzi badala ya kutoa karatasi, toka.

Mimi ningechukua nusu karati yenye mkato safi, na chenji ninunue mbuzi.