Alitumwa Pande kumchukua mkwewe, akarudi na watoto tu

Mume alikwisha kupanga kila kitu. Chumba cha nyuma, pale nyumbani kwao Mbagala, kilipakwa rangi, kikawekwa kitanda cha futi nne na chandarua kipya, na mpangaji aliyekuwamo akaombwa ahame. Kilichobaki ni mwenye chumba kufika. Huyo ni mama yake mzazi, bibi wa miaka 70 na ushei anayeishi peke yake katika kata ya Pande, wilayani Kilwa. Masika ya mwaka 2024 aliteleza kando ya bwawa, ndoo ikiwa kichwani, akaumia nyonga. Hakuvunjika mfupa. Lakini habari ya simu ikisafiri kutoka Kilwa hadi Dar es Salaam hufika imenenepa, na mtoto wa kiume aliye mbali na mama yake hapati usingizi.

Kazini hakupewa ruhusa. Akamtuma mkewe, likizo ya Juni ilipoanza, aende na watoto wawili, akae siku kumi, arudi na mama.

Basi la kusini hutoka Mbagala Rangi Tatu alfajiri. Watu wazima bado wanakumbuka njia hii ilivyokuwa kabla ya mwaka 2003, magari yakipanga foleni kusubiri kivuko cha Ndundu, na mvua ikinyesha watu wakilala porini. Siku hizi Rufiji unauvuka juu ya Daraja la Mkapa, karibu kilomita nzima, kwa muda wa kumenya chungwa. Mtoto mkubwa, wa darasa la tano, alijua kwamba juu ya mto huo, mbali upande wa magharibi, kuna Bwawa la Mwalimu Nyerere lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, la kuzalisha umeme megawati 2,115. Akauliza kama bwawa la bibi nalo lina umeme. Mama yake akamwambia atajionea mwenyewe.

Kuanzia Somanga gari lilikwenda polepole. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu mvua za kimbunga Hidaya kuikata barabara hiyo, mapema Mei, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikabaki siku kadhaa bila njia ya Dar. Vifusi vilikuwa bado vibichi. Baada ya Nangurukuru abiria wakapungua, na walipoiacha lami wakapanda bodaboda mbili, mizigo mbele, watoto katikati.

Udongo wa Pande unahitaji maneno mawili, kwa sababu ndio uliomwangusha bibi. Ni mfinyanzi mzito. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza kidole, masika huwa sabuni. Wataalamu wa miamba wameupenda kiasi cha kuita tabaka mojawapo la ukanda wa Kilwa kwa jina la Pande, na miaka ya 2000 walichimba mashimo huko Stakishari, wakatoa udongo wenye magamba madogo mno ya viumbe wa bahari wa miaka ipatayo milioni 34 iliyopita, yaliyohifadhika vizuri ajabu kwa sababu mfinyanzi haupitishi maji. Kwa sababu hiyohiyo maji ya mvua hukaa kwenye bonde kwa miezi, watu wakapata bwawa. Na kwa sababu hiyohiyo ukingo wake huteleza.

Bibi aliwapokea uani. Mkwe alipiga goti, "Shikamoo mama," akajibiwa "Marahaba mwanangu, hamjambo huko?" Kisha utani ukaanza. Mjukuu wa kiume akaitwa "mume wangu", akaulizwa mbona amekonda, kwani huyo mwanamke wa Dar hampi chakula? Mdogo wake wa kike akaambiwa yeye ni mke mwenza, alale upande wa ukutani. Jioni wakala ugali wa muhogo kwa kisamvu cha nazi, na asubuhi yake ming'oko ya kuchemsha, ambayo watoto waliitazama kwanza kama vijiti, halafu wakagombea.

Siku tatu za mwanzo watoto walilia upweke. Mtandao wa simu unapatikana chini ya mwembe mmoja tu, na hapo unasimama kwa zamu. Zaidi ya hapo ni kuku, mbuzi nazi inapokunwa, adhana, na usiku mkubwa. Siku ya nne hawakuonekana nyumbani hadi saa nane mchana.

Bwawa lenyewe si kitu cha kupigwa picha. Ni maji ya rangi ya chai ya maziwa, yenye mayungiyungi upande mmoja na nyayo za ng'ombe upande wa pili. Bibi huchota kwa kata, taratibu, asivuruge chini. Nyumbani huyatuliza kwa unga wa mbegu za mlonge, huyachuja kwa kanga iliyochakaa, kisha huyachemsha ya kunywa. Zamani alibeba ndoo ya lita 20. Sasa anabeba ya 10, mara nne kwa siku, kwa hiyo safari zimeongezeka kadiri nguvu zilivyopungua. Hesabu hiyo mwanawe hakuwa nayo. Alijua mama ameanguka. Hakujua kwamba huteremka ukingo ule mara nne kila siku ya Mungu.

Huko bwawani, wawili peke yao, ndiko mkwe alikotoa ujumbe aliotumwa. Bibi hakukasirika. Aliendelea kuchota.

"Nilikaa kwenu miezi miwili mwaka ule," akasema. "Mlikuwa mnanipenda. Asubuhi mnatoka, mnafunga geti, mnarudi usiku. Nikakaa ndani kama kuku wa mayai. Hapa nikianguka, watu wanasikia."

Kweli, siku ile ya masika alinyanyuliwa na wanawake watatu waliokuja na ndoo zao, kabla hajamaliza kuita.

Alikuwa na sababu nyingine, ya shilingi. Ufuta wake ulikuwa ghalani, unasubiri mnada wa chama cha ushirika, na malipo hayajatoka. Tena Oktoba korosho zinaanza kudondoka, na mikorosho isiyo na mtu huokotwa na kila mtu.

Mkwe bado alikuwa na njia moja: kaka wa bibi, mjomba wa mumewe. Wamwera na jirani zao Wamachinga (hao ambao inasemekana jina lao ndilo wanaloitwa vijana wanaotembeza bidhaa nchi nzima) walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na hata leo, Uislamu ukiwa umetangulia karne nyingi pwani hiyo, neno la mjomba katika mambo ya dada yake lina uzito. Akaenda kumwona na kilo mbili za sukari. Mzee alimkaribisha vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Mpwa wangu ana namba yangu ya simu. Kwa nini nasikia habari ya dada yangu kutoka kwako?"

Hapo palikuwa na jeraha. Mwanamke akarudi chini ya mwembe, akamweleza mumewe yote. Mume alipandisha sauti. Akasema wao wanaona leo tu, kesho mama akifa kwenye tope watu watamsema nani? Swali hilo ni la haki, na si la kupuuzwa: kijijini hapo zahanati iko mbali na usiku usafiri ni bodaboda. Anayedhani mtoto huyu alitaka fahari ya kumweka mama mjini atakuwa amemwonea. Alikuwa anaogopa.

Mke akamjibu kwa hesabu. Nusu ya paa la bibi ni makuti, nusu ni bati, mabati ambayo mwanawe huyohuyo aliyanunua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati lile lina mita za mraba 20 hivi. Mvua moja nzuri ya milimita 50 huleta lita 1,000. Bibi anatumia lita 40 kwa siku. Tenki la lita 1,000 likijaa, ni siku 25 bila kuteremka ukingoni, na ukingo ni hatari hasa wakati huohuo wa mvua. Kiangazi tenki halitatosha, hilo hakulificha. Miezi hiyo kijana wa jirani mwenye baiskeli atalipwa kwa dumu. Fedha? Chumba cha nyuma kirudishiwe mpangaji, kodi yake ndiyo itakayolipa.

Simu ilikatika. Hakuna aliyejua kama ni mtandao au ni hasira.

Siku ya tisa mume alimpigia mjomba. Walizungumza muda mrefu, mambo yao. Siku ya kumi mkwe alipanda basi na watoto wake, kiroba cha nazi na mbaazi, bila bibi. Mjukuu wa kiume ndiye aliyelia zaidi.

Tenki lilifika Septemba kwa lori la mizigo, likawekwa juu ya matofali, na mjomba mwenyewe alisimamia fundi wa mifereji. Mvua za kwanza zilipoanza, maji ya mara ya kwanza yalimwagwa, kwa kuwa bati huwa na vumbi na kinyesi cha ndege la miezi mingi. Mume amekwisha kuomba likizo ya Desemba. Anataka kwenda kuona kwa macho yake, na suala la Mbagala anasema halijafungwa. Chumba kina mpangaji mpya, wa mkataba wa miezi sita.

Bibi bado huenda bwawani kila alfajiri, na ndoo ndogo. Anasema huko ndiko anakopata habari. Juzi alipiga simu akaomba atumiwe kufuli la bomba, maana watoto wa jirani wamegundua tenki.