Kwa Baiskeli Msituni na Kwenye Mashamba ya Chai

Akina mama wenzangu, nilipokuwa msichana baiskeli ya nyumbani kwetu ilikuwa ya baba na kaka zangu. Ilibeba maziwa, ilibeba mahindi ya kusaga, na mara nyingine ilibeba mgonjwa. Msichana hakuiendesha, yeye alikaa nyuma kwenye keria, miguu upande mmoja. Basi niliolewa, nikazaa, nikafika umri wa miaka 44 bila kujua kukanyaga pedeli.

Aliyenifundisha ni binti yangu wa miaka 16. Tangu tulipomzika mama yangu, mtoto huyu alikuwa amenyamaza. Akija likizo alikula, akaosha vyombo, kisha akajifungia chumbani. Nikimwuliza ana nini, jibu lilikuwa moja: "Niko sawa, Mama." Kitu pekee alichoomba ni kwenda kuendesha baiskeli. Baba yake akaniambia, "Acha kumwuliza maswali. Nenda naye." Nilicheka, lakini nikaenda.

Tulianzia Karura, msitu ulio upande wa kaskazini wa jiji la Nairobi. Una ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000, na njia zake za udongo na changarawe hupita chini ya miti mirefu. Ukilipa ada ya kuingia, unaweza kukodi baiskeli humo humo, na kwenye njia panda kuna vibao vyenye nambari ili mgeni asipotee. Hakuna matatu wala lori la kukupigia honi. Kwa mama anayejifunza, hapo ni mahali pazuri, kwa maana akianguka wanaomwona ni kima tu juu ya matawi. Nami nilianguka mara mbili. Binti yangu alinishikilia kiti kwa nyuma, akikimbia na kusema, "Tazama mbele, Mama, usitazame gurudumu." Ni maneno yale yale niliyomwambia alipokuwa na miaka sita, nikiwa nimemshika vivyo hivyo bila mimi mwenyewe kujua kuendesha!

Tulipokuwa tukipumzika nilimweleza kwamba msitu ule ulikuwa karibu kupotea. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu binafsi ili wajenge. Mwezi wa Januari 1999, Profesa Wangari Maathai alikwenda na wenzake kupanda miti pale, wakashambuliwa, naye akajeruhiwa kichwani. Hakuacha. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Binti yangu alisikiliza, akauliza swali moja: "Alipopigwa, hakuogopa kurudi?" Nikamjibu kwamba nadhani aliogopa, na akarudi.

Safari ya tatu tulitoka nje ya jiji. Shemeji yangu alitupakilia baiskeli kwenye pikapu hadi Tigoni, karibu na Limuru, kiasi cha kilomita 30 kutoka Nairobi. Hatukutaka kuendesha kwenye barabara kuu, kwa sababu magari ni mengi na hayana huruma. Lakini ukiiacha lami na kuingia barabara za murram, unajikuta katika nchi nyingine. Chai imefunika vilima kama zulia, na barabara nyekundu inapita katikati yake. Hapa Limuru ndipo chai ilipopandwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya, mwaka 1903. Mahali pako juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ukungu hukaa mabondeni. Bebeni sweta.

Miteremko ya huko si mikali sana, lakini mama asiyezoea ataisikia magotini. Sikuona haya kushuka na kusukuma. Wachumaji wa chai walikuwa tayari kazini, vikapu mgongoni, mikono ikienda upesi kuchuma majani mawili na chipukizi lake. Nilipowasalimu walinijibu kwa furaha, na mmoja akaniita, "Mama, hata sisi tufundishe!" Tukacheka wote. Hata hivyo moyo ulinichoma kidogo. Wao walikuwa wameamka alfajiri kutafuta riziki, na mimi nilikuwa natembea kwa raha. Kupumzika ni kipawa ambacho si kila mama anakipata, na anayekipata asikidharau.

Ilikuwa kwenye mlima uliofuata, tukisukuma baiskeli bega kwa bega, ndipo binti yangu aliposema bila kunitazama: "Mama, niliomba Cucu apone. Niliomba kila usiku. Sasa nikitaka kuomba sipati la kusema."

Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili, na mafungu ya kujibu nilikuwa nayo. Lakini pumzi zilikuwa zimeniisha, na labda ilikuwa heri. Nilisema tu, "Hata mimi niliomba hivyo hivyo. Na mpaka leo kuna usiku ambao nanyamaza." Alinitazama kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza. Alikuwa amedhani kwamba ni yeye peke yake. Tuliendelea kusukuma, naye akazungumza mpaka tukafika juu.

Mchana tulifika Brackenhurst, mahali palipojulikana kwa miaka mingi kama kituo cha mikutano cha Wabaptisti. Tuliacha baiskeli, tukatembea kwa miguu katika msitu wake. Zamani mikaratusi na miti mingine ya kigeni ndiyo iliyojaa pale. Kuanzia mwaka 2000 miti ya asili ilianza kurudishwa, na sasa ina kivuli kizito na ndege wengi. Tulikaa chini ya mti tukala viazi vitamu na mayai. Nilimkumbuka Bwana Yesu alipowachukua kando wanafunzi wake, walipokuwa na shughuli nyingi hata wakakosa nafasi ya kula. Hakuwakemea kwa kuchoka.

Mama unayetaka kujaribu, nakupa machache niliyojifunza. Chagua baiskeli yenye gia na matairi mapana kiasi, na usiyajaze upepo mpaka yawe magumu kama jiwe, maana yatakurusha kwenye changarawe. Vaa kofia ngumu. Sketi ndefu huingia kwenye cheni. Mimi huvaa suruali na blauzi ndefu juu yake, na wazee wa kanisa hawajaniita. Beba maji, pampu na viraka vya pancha. Kwenye mteremko tumia breki zote mbili polepole, kwa maana breki ya mbele ukiibana ghafla itakutupa. Katika mvua ndefu za Machi hadi Mei, udongo mwekundu hushika magurudumu hadi yakatae kuzunguka, kwa hiyo ngoja ukauke. Usiende peke yako, na uanze asubuhi mapema.

Jumapili iliyofuata, kabla ya binti yetu kurudi shuleni, tulishikana mikono kwa sala kama kawaida yetu. Zamu yake ilipofika hakusema neno. Lakini safari hii hakuuondoa mkono wake, nami nikaushika mpaka baba yake akamalizia. Alipokuwa akibeba sanduku kwenda garini aliniuliza, "Likizo ijayo, tutaendesha wapi?"

Nimeanza kuzoeza magoti yangu.