Baba na Chuo chenye miguu

Likizo nilikuwa nyumbani Dongobesh, Mbulu, nikakuta kesi inanisubiri. Baba aliuza madume mawili kufidia ada ambayo mkopo haukufika, akatangazia kijiji kizima kwamba nasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sasa jirani kamwambia nimeonekana Iringa. Kha! Mzee akahisi kaingizwa mjini.

Nikajieleza: Mkwawa ilikuwa sekondari, mwaka 2005 ikafanywa chuo kishiriki cha Dar, sawa na Chang'ombe iliyokuwa chuo cha ualimu. Sekondari zilikuwa zinaongezeka, walimu hawatoshi. Baba kimya. Kisha: "Mwanangu, chuo kina miguu?"

Aliyeniokoa ni baba mdogo kutoka Hanang. Yeye miaka ya 1980 aliendesha trekta kwenye ngano ya NAFCO, ule mradi uliosaidiwa na Kanada. (Wabarbaig waliopoteza malisho yao kwa ngano ile wana lao la kusema, nitaliandika siku nyingine.) "Kaka, mashamba yalikuwa saba. Mimi Setchet, wengine Basotu, wengine Mulbadaw. Mwajiri mmoja."

Baba akauliza kitu kimoja tu: cheti kitaandikwaje? Nikamsomea picha ya cheti cha rafiki aliyehitimu Mkwawa, kipo kwenye simu yangu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Akaniomba nirudie.

Jana kanisindikiza stendi. Mtu akauliza naelekea wapi. Mzee hakupepesa: "Dar."

Mimi huyo: Babati, Kondoa, Dodoma, Mtera, Iringa.