Henley Wanavua Nini?

Mwenzangu kazini hapa Reading kanialika Henley, kisha akaanza kunieleza taratibu kwamba huko watu hushindana kupiga makasia. Akauliza kama kwetu Katavi kuna maji. Nikamwambia lipo ziwa lenye kina cha mita 1,470. Mkiumwagia humo mto wenu wa Thames, migebuka haitajua kama kuna mgeni.

Mashindano hayo wanayaita regatta, na hulitamka jina kana kwamba limezaliwa ikulu. Kumbe ni la Venice: regata, mapambano ya wapiga makasia wa kule, na wapo wataalamu wanaolihusisha na kugombania. Waingereza waliliazima, wakaandaa ya kwanza Thames mwaka 1775. Henley wakafuata 1839. Jina la wavuja jasho likavishwa koti la milia. Hadi juzi tu, 2021, mwanamke mwenye suruali alikuwa haingii eneo la wakubwa.

Kwetu Karema, kando ya ziwa hilo, hatuna kombe. Kipindi cha giza maboti hukesha ziwani na taa zao. Kukipambazuka yanageuza, na hapo utamwona mtu mzima anakata maji huku akiitukana mashine ya jirani. Anayetangulia kufika hupokewa na kina mama wenye hela mkononi na mchanga wa kuanikia samaki ukiwa wazi. Wa mwisho anapewa bei ya huruma, tena na maneno juu yake. Watoto huijua boti yake kwa mlio kabla ya kuiona, wakaanza kuzomea mapema. Jua likikubali, baada ya siku chache magunia yako kwenye lori la Mpanda, na ushindi umeshasahaulika.

Julai 2024, shampeni zikifunguliwa Henley, maboti ya Karema yalikuwa yamelala ufukweni. Serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Nimekubali, wazaliane; hata nyavu za wajomba zetu zilikuwa zinarudi nyepesi. Lakini ada ya shule haikusimamishwa, wala duka la unga. Miezi mitatu ile ziwa letu lilikuwa simu yangu, na kila asubuhi iliita.

Nilimtumia dada video ya fainali. Akauliza, wanavua nini? Nikamjibu hawavui kitu, wanashindana tu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama hela nimeshatuma.