"Baba, namba ya leo siyo ya wiki iliyopita"

Taa nyekundu ya oili iliwaka saa kumi jioni, eskaveta ikiwa inajaza lori la mwisho la kifusi. Opereta akazima injini na kumwita fundi.

Fundi huyo, baba wa watoto watatu anayeishi nje kidogo ya mji wa Morogoro, ana zaidi ya miaka ishirini kwenye mitambo. Alijifunzia kazi kwenye makatapila ya zamani, ambayo ugonjwa wake ulijulikana kwa kusikiliza mlio na kutazama rangi ya moshi. Siku hizi anasaidiwa na kijana wake wa kwanza, aliyemaliza mafunzo VETA.

Baba alichomoa stiki ya oili na kuitazama. Oili ilikuwa imejaa, tena imepita kidogo alama ya juu.

"Oili ipo tele," alisema. "Hii ni sensa tu, ilitusumbua hivihivi wiki iliyopita. Kesho tunafunga mpya, kazi inaendelea."

Kijana alikuwa amesoma namba za hitilafu kwenye skrini ya mtambo. "Baba, namba ya leo siyo ya wiki iliyopita..."

Hakumaliza. Opereta, dereva wa lori na vibarua wanne walikuwa wamesimama pale wakisikiliza.

"Wewe umeingia juzi tu, unataka kunifundisha kazi?"

Watu wakacheka. Kijana akaokota spana moja moja, akazirudisha kwenye boksi, na hakusema neno tena mpaka nyumbani.

Usiku hakugusa chakula. Mama yake aliona. "Baba watoto, huyu umemfanya nini?"

"Amechoka tu."

"Mtoto akichoka anakula, analala. Huyu amekaa nje gizani."

Baba alikaa kimya kwa muda. Yeye mwenyewe alilelewa na baba ambaye hakuwahi kumuuliza mtoto maoni yake, na kwa mtu wa namna hiyo hatua kumi za kwenda uani ni safari ndefu. Alikwenda, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Ulitaka kuniambia nini kule kazini?"

Kijana alichukua muda kujibu. Kisha akaeleza. Mitambo mingi ya kisasa hutumia mfumo uitwao J1939, ambao hitilafu hutajwa kwa namba mbili. Namba ya kwanza inasema ni kitu gani: 100 ni presha ya oili ya injini, 110 ni joto la maji ya kupozea. Namba ya pili inasema kitu hicho kina nini. Wiki iliyopita ilikuwa 100 na 3, maana yake umeme unaotoka kwenye sensa umezidi kiwango, na kweli walikuta tatizo kwenye waya. Jioni ile ilikuwa 100 na 1.

"Moja haisemi sensa imeharibika, Baba. Inasema sensa ni nzima, na presha yenyewe ndiyo imeshuka kupita kiasi."

"Lakini oili si imejaa?"

"Ndiyo hiyo inayonitisha. Hatujaongeza oili. Imepandaje?"

Baba hakuwa na jibu. Alilala akiliwaza swali hilo.

Asubuhi, kabla mtu yeyote hajawasha mtambo, alichomoa tena stiki, safari hii akainusa na kuisugua oili kati ya vidole. Ilikuwa nyepesi, inanuka dizeli. Wakafungua sensa na kufunga geji ya mkono mahali pake. Wakawasha injini kwa muda mfupi ikiwa bado ya baridi, na mshale ukapanda kwa unyonge. Injini ilipoanza kupata moto, mshale ukashuka. Wakazima haraka.

Nozeli moja ilikuwa inavujisha dizeli, nayo dizeli ikawa inashuka hadi kwenye oili. Ndiyo maana oili ilionekana imeongezeka huku ikizidi kukosa nguvu. Kama wangefunga sensa mpya na kuendelea na kazi, beringi za krenki zingesagika, na injini nzima ingeshushwa. Badala yake ilikuwa kazi ya kutengeneza nozeli, kumwaga oili na kubadilisha filta.

Baba angeweza kuishia hapo, na kijana asingedai zaidi. Lakini opereta alipofika pamoja na wale vibarua, akasema mbele yao: "Jana nilimkatiza kijana wangu, mkacheka. Yeye ndiye alikuwa sahihi. Mimi nilikosea."

Hakuna aliyecheka. Kijana aliinamia boksi la spana kama anatafuta kitu.

Siku hizi, kabla ya kufungua bolti yoyote, baba huyo huuliza, "Wewe unaonaje?" Si kila mara kijana hupatia. Hivi karibuni aliapa kwamba sensa ya joto imekufa, kumbe plagi yake tu ilikuwa imeingia maji. Baba aliikausha, akairudisha, akamwonyesha wapi pa kuanzia kutazama siku nyingine. Hakumcheka.

Mkewe anasema jambo lililomsumbua zaidi usiku ule halikuwa eskaveta. Mumewe alimwambia kabla ya kulala kwamba kwenye mtambo aliona taa nyekundu akasema ni sensa, na alipofika nyumbani akaona mtoto hali chakula, akasema ni uchovu. Mara zote mbili alikuwa na jibu kabla ya kuuliza.

Jioni ya siku waliyomaliza matengenezo, kijana alikula sahani mbili za ugali. Mama hakuuliza kitu.