Mpaka Usioonekana Kaskazini ya Märsta

Stesheni ya Märsta haina la kumvutia mtalii. Treni ya mji mkuu inayotoka Södertälje, kusini ya Stockholm, huishia hapa. Mabasi ya Arlanda na Sigtuna husubiri kando, na abiria hupita wameinamisha nyuso kuukwepa upepo. Mwezi Februari mzee mmoja wa Korogwe, aliyekuja kumtembelea bintiye, aliketi hapo asubuhi kadhaa mfululizo na daftari magotini. Alikuwa akihesabu treni. Ujanani alikuwa karani wa stesheni katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lile lililosambaratika mwaka 1977, na mazoea ya kuandika saa ya kila treni hayakumtoka hata baada ya shirika lenyewe kutoweka.

Binti ni muuguzi mjini Uppsala. Anaishi Märsta kwa sababu ndiko alikopata nyumba, na kwenye ramani uamuzi huo hauna kasoro, kwani treni ya mikoani hufika Uppsala kwa muda usiotimia nusu saa. Lakini baina ya Märsta na Knivsta, stesheni inayofuata, hupita mpaka wa mkoa wa Stockholm na mkoa wa Uppsala. Hakuna bango linaloonekana dirishani, hakuna askari; misonobari ya huku na ya kule ni ile ile. Kinachobadilika ni tiketi. Kadi ya Stockholm hufia Märsta. Tangu Oktoba 2017 ipo tiketi ya Movingo, iliyobuniwa na mikoa ya eneo la ziwa Mälaren ili msafiri avuke mipaka hiyo kwa tiketi moja. Hiyo ni tiketi ya muda, nayo ni neema kubwa kwa asafiriye kila siku. Kwa afanyaye zamu tatu za usiku kwa juma, hesabu yake huhitaji kalamu.

Mzee alivutiwa zaidi na hesabu nyingine. Kutoka Stockholm kwenda kaskazini zipo njia nne za reli hadi Skavstaby. Hapo hugawanyika: mbili hupita Märsta kwa mkondo wa zamani, uliofunguliwa mwaka 1866, mbili huingia chini ya uwanja wa ndege wa Arlanda kwa mkondo wa mwaka 1999. Kaskazini ya Märsta mikondo hukutana tena, na njia nne huwa mbili mpaka Uppsala. Katika mbili hizo hujibana treni za masafa marefu ziendazo Gävle na kwingineko kaskazini, treni za mikoani, treni za mji mkuu zipitiazo Arlanda, na za mizigo.

"Shida si wingi wa treni, mwanangu," alisema jioni moja mezani. "Shida ni kwamba hazilingani mwendo."

Huo ndio ukweli ambao wahandisi huueleza kwa kurasa nyingi. Reli aliyoijua yeye ilikuwa ya njia moja: treni mbili zilipishana stesheni, na dereva hakuthubutu kuondoka kabla stesheni ya mbele haijatoa kibali. Hapa kila upande una njia yake, hakuna anayekabiliana na mwenziwe uso kwa uso. Ila mwenye haraka hufungiwa nyuma ya asiye na haraka. Treni inayosimama Knivsta huiba dakika za treni isiyosimama popote, na ratiba ikishasongwa hivyo, kuchelewa kwa moja huambukiza zote. Dawa ni kuwatenganisha, yaani kuongeza njia mbili. Mradi upo. Serikali iliyafunga makubaliano mwaka 2017, na ndani yake mna sharti lenye kufikirisha: nyumba 33,000 mpya Uppsala na 15,000 Knivsta, na stesheni mpya ya kuzihudumia kusini ya Uppsala.

Mtu anaweza kuusifu mpango wa namna hiyo, kwa kuwa reli isiyo na watu ni hasara. Hata hivyo, hesabu yake imewaweka mbele watakaokuja. Muuguzi anayesubiri jukwaani alfajiri hii hii si nyumba mpya, wala hakuhamia popote kwa sababu ya mradi; hana jedwali linalomhusu. Ramani zilipotandazwa ili wananchi watoe maoni, kama sheria ya Sweden inavyotaka, alizitazama kwenye simu kati ya zamu mbili. Aliona mstari unaokata mashamba na alama za kelele, akazima simu akalala.

Mzee naye aliitazama ramani ile ile, akakumbuka Kahe. Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893, nao ulichukua karibu miaka ishirini kufika Moshi. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza Waingereza waliivuta reli yao kutoka Voi, kupitia Taveta, ikaungana na ile ya Wajerumani huko Kahe. Kiungo kilichozaliwa na vita kikawafaa watu wa amani kwa miongo mingi. Kisha Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983 tu. Vyuma havikung'olewa usiku ule. Vilibaki palepale juani, kimo kile kile, upana ule ule, na safari ikawa haipo.

Ndiyo maana hakucheka binti alipolalamikia kadi. Wenzake wa Korogwe husimulia sana treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, na wana haki ya kujivunia. Yeye huuliza kwanza mtu akishuka anakwenda wapi, na kwa nini. Treni ya Mombasa na Nairobi ilipozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, abiria wa Mombasa alishushwa Miritini, mbali na kisiwa, akaanza upya kutafuta matatu. Mwenye kupanga reli aghalabu huipenda sehemu iliyonyooka.

Binti hajaamua. Kuhamia Uppsala kungemwokoa na mpaka, lakini mtoto ameshaanza shule Märsta na ameshapata marafiki. Kusubiri njia mbili za nyongeza ni kusubiri mpaka miaka ya 2030, mtoto atakapokuwa kijana mwenye safari zake. Kila miezi michache huandika gharama katika safu mbili, huziacha zikaribiane, huweka karatasi kabatini.

Siku ya kuondoka, mzee alitaka kwenda Arlanda kwa treni. Haikuwezekana kwa namna yenye maana: uwanja uko jirani kabisa, lakini treni ya mji mkuu ingewarudisha kwanza kusini hadi Upplands Väsby, wabadilishe hapo, kisha walipe ada ya ziada ya stesheni iliyo chini ya uwanja. Wakapanda basi nambari 583. Mzee aliketi dirishani, akaandika saa ya kuondoka.