Kipande cha Baba

Nairobi jua likiwaka, kila steji ina mkokoteni wa tikiti maji. Mimi hununua bila kufikiri. Zaidi ya asilimia 90 ya tikiti ni maji, lina vitamini C, na wekundu wake ni laikopini, ileile ya nyanya. Cha kuchunga ni nzi tu na kisu cha muuzaji.

Kwa baba hesabu ni nyingine. Figo zake zimechoka, anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Yale maji tunayoyasifu, kwake hayana pa kutokea. Potasiamu nayo haifikii ya ndizi, lakini si tikiti huliwa vipande vinne vinne? Mimi naitoa kwa mkojo. Kwake inabaki kwenye damu, na ikizidi moyo unaweza kusimama.

Kwetu ukisema "tikiti ni afya" utaulizwa: afya ya nani? Mtaalamu wa lishe alimruhusu kipande kidogo, mara mojamoja. Baba hukila polepole, mbegu akizipanga kandokando ya sahani kama anayehesabu pesa. Sisi wengine tunakula vyetu jikoni, kimyakimya, tusimtamanishe.